UKUMBI WA KAZI ZA MIKONO: Pipa la Mawe



Toleo lililopita tuliandika habari za kushona makawa na kofia, nasi tulitaraji maswali ya nyuzi na sindano. Maswali tuliyoletewa yalikuwa mengine kabisa. Wazazi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walituuliza ile sauti itokayo gerejini kwetu usiku na mchana ni sauti ya nini. Mama mmoja alidhani twasaga nafaka. Mwingine, ambaye hatutamtaja kwa kuwa tungali twapenda biriani yake, aliwaambia watu kwamba tumefungua kiwanda bila ya ruhusa ya baraza la mji. Basi imekuwa wajibu wetu kueleza.

Sauti hiyo ni ya mawe. Ni pipa dogo lililolala ubavu juu ya vyuma viwili, ndani yake mna mawe, maji na unga mkali, nalo huzunguka polepole muda wa mwezi mzima. Yaingiayo ni kokoto zenye ncha, zisizo na haiba yoyote. Yatokayo, Inshaallah, ni mawe laini yenye kumetameta kana kwamba yametolewa majini sasa hivi. Mashine haifanyi lingine ila lile ambalo bahari ya kwetu hulifanya pale ufukweni, isipokuwa bahari haina haraka.

Watu wa pwani si wageni wa kazi hii. Neno akiki tumelipokea kwa Waarabu, na shanga za akiki nyekundu zilizochongwa Khambhat, Bara Hindi, zimefukuliwa katika miji ya kale ya mwambao wetu. Al-Biruni, katika kitabu chake cha vito cha karne ya 11, ametaja buluri, lile jiwe jeupe lipenyalo nuru, ikichukuliwa kutoka visiwa vya Zanji mpaka Basra ili ichongwe. Hata neno msasa ni letu: ni mti ambao majani yake yakwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi seremala wa zamani waliyasugulia mbao kabla ya karatasi za dukani kuja na kulirithi jina. Basi mtoto wetu anaposhika karatasi ya msasa katika gereji ya Toongabbie, ameshika jina la mti wa kwao, ingawa yeye mwenyewe hajui.

Ama kuhusu kuiunda mashine, tuanze na pipa. Letu tumelifanya kwa kipande cha bomba la plastiki la maji machafu, kipenyo chake milimita 150 na urefu wake milimita 200, ambalo hubeba lita tatu na nusu hivi. Upande mmoja tumeuziba kwa kifuniko cha gundi, upande wa pili kwa kifuniko cha mpira kikazwacho kwa pete ya chuma. Ndani tumelivika mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu ya lori. Mpira huo una faida mbili: mawe hayapasuki kwa kugonga plastiki, na jirani hulala. Kabla ya kuuweka, sauti ilikuwa ya maharagwe makavu ndani ya debe. Baada ya kuuweka imekuwa kama mvua juu ya makuti.

Pipa hulala juu ya vyuma viwili vya mviringo, vyenye unene wa milimita 12, ambavyo ncha zake zimekaa ndani ya beringi zilizopigwa misumari ya kuzungusha juu ya ubao mzito. Vyuma hivyo tumevivika mpira wa kumwagilia bustani mpaka unene wake ukafika milimita 20, ili vilishike pipa lisiteleze. Chuma kimoja huzungushwa na mota, cha pili hufuata tu.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo twaomba mtuvumilie kwa hesabu kidogo. Mota ya kawaida ya umeme wa hapa huzunguka kiasi cha mara 1,425 kwa dakika. Ukifunga pipa moja kwa moja juu ya mwendo huo, mawe hunata ukutani kama nguo katika mashine ya kufulia, wala hayasuguani. Sharti mwendo upunguzwe. Sisi tumetia puli ya milimita 50 kwenye mota na puli ya milimita 250 kwenye chuma, zikaungwa kwa mkanda; mwendo wa chuma ukawa mara 285. Kisha chuma chenye unene wa 20 kinalizungusha pipa lenye upana wa 150, na 285 mara 20 ukigawa kwa 150 ni 38. Mizunguko 38 kwa dakika kwa pipa la kadiri hii ni mwendo mzuri: mawe hupanda ukutani, hufika juu, kisha huporomoka taratibu juu ya wenziwe, na hapo katika kuporomoka ndipo kazi yote inapofanyika.

Kabla ya mota hii tulijaribu ile ya kupangusia kioo cha gari, tuliyoinunua kwa wauza vyuma chakavu. Ilitupendeza kwa kuwa hutumia volti 12 tu. Ilifanya kazi siku tisa, ikatoa harufu, ikanyamaza. Mota ya namna ile imeumbwa kwa ajili ya mvua ya saa moja, si kwa kazi ya mwezi mzima bila kupumzika.

Na kwa kuwa tumeutaja umeme, tuseme kwa uwazi. Katika jimbo hili la New South Wales mtu asiye na leseni haruhusiwi kuzigusa nyaya za umeme za nyumba, hata kama kwao alikuwa fundi mashuhuri. Nunueni mota iliyo kamili na waya wake na plagi yake, mumwonyeshe fundi mwenye leseni, na soketi mnayoitumia iwe na swichi ya usalama ikatayo umeme yenyewe. Mota yetu ni ya wati 40. Kwa siku 28 mfululizo hula kama yuniti 27. Mkanda na puli vifunikwe kwa kisanduku cha mbao. Tumeona kwa macho yetu ncha ya kanga ikivutwa na puli, na lau si mama mwenyewe kuwa mwepesi wa kuchomoa plagi, leo tungekuwa twaandika habari nyingine. Shela, mikono ya kanzu, nywele za mabinti: vyote vifungwe kabla ya kuisogelea.

Jambo moja zaidi la gereji, nalo ni zito. Nyumba na gereji nyingi za pande zetu zilijengwa kwa mbao bapa za fibro, na zile za zamani zina asbesto ndani yake. Australia iliipiga marufuku asbesto kabisa mwishoni mwa mwaka 2003, lakini kuta zilizokwisha kujengwa zingali zimesimama. Msitoboe ukuta huo ili kutundika rafu ya mashine. Wekeni mashine sakafuni.

Haya, mawe gani? Kipimo chetu ni rahisi. Jiwe likikwaruzika kwa ukucha, si la pipa. Likikwaruzika kwa kisu, pia si la pipa. Likikwaruza kioo cha chupa, basi karibu. Familia ya akiki, yaspi na kwatzi, ambayo ugumu wake hufika 7 katika kile kipimo cha 10 alichokipanga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ndiyo ya kuanzia. Lakini kanuni kubwa kuliko zote ni kwamba mawe ya pipa moja yawe na ugumu unaolingana. Gumu litamla laini.

Ndugu zetu waliotoka Lubumbashi na Kolwezi wana malakaiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, na wengi wametuletea. Tumewarudishia kwa heshima. Malakaiti ni laini, na ni mawe ya shaba, hivyo vumbi lake na tope lake ni sumu. Mawe ya sabuni ya Tabaka, kule Kisii, nayo ni ya kisu na nta, si ya mashine. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Merelani mwaka 1967, hupasuka kwa kugongwa, na atakayeitia ndani ya pipa amejitakia. Jiwe la Longido, lile la kijani lenye madoa mekundu, hutamanisha sana, lakini yale madoa ni yakuti yenye ugumu wa 9, na ile kijani haifiki hata 7. Kijani huliwa, yakuti hubaki yamejitokeza kama vipele. Wenye ujuzi huling'arisha kwa almasi. Sisi hatujaufikia ujuzi huo.

Kwa wanaoanza, mawe yako karibu. Kokoto za mto Nepean zilichimbwa miaka mingi pale Castlereagh, na mashimo yake ndiyo yale maziwa ya Penrith ambamo mashindano ya kupiga makasia ya Olimpiki ya mwaka 2000 yalifanyika. Kokoto za mito huuzwa kwa mifuko katika maduka ya vifaa vya bustani, nusu ya kazi ikiwa imekwisha kufanywa na maji. Mkitaka kuokota wenyewe, ombeni ruhusa ya mwenye ardhi, na jueni kwamba ndani ya hifadhi za taifa kuokota mawe ni marufuku. Kilima cha Prospect, tunachokiona kila siku, kilikuwa na machimbo yaliyosifika kwa prenaiti ya kijani kibichi. Hayo si mahali pa kuingia. Na kule Plumpton, kupita Blacktown, kuna mgongo wa ardhi ambapo wenyeji wa asili, Wadarug, walichimba jiwe la silkriti la kufanyia zana zao. Mkiona jiwe lililochongwa makali na mkono wa mtu, liacheni pale lilipo. Sheria inalilinda, na sisi watu tuliofukuliwa makaburi na majumba ya wazee wetu na wageni twajua kwa nini.

Kazi yenyewe ina daraja nne. Jazeni pipa mawe kiasi cha theluthi mbili au robo tatu, makubwa na madogo pamoja, maana madogo hufika palipo na mashimo. Tieni maji mpaka yakaribie kuyafunika mawe. Unga ni wa silikoni kabaidi, ambao ugumu wake hupita wa yakuti: kwanza wa namba 60 hadi 90, juma moja au zaidi, kisha wa 120 hadi 220, juma, kisha wa 500 au 600, juma, mwisho unga wa kung'arishia, wa aluminiamu oksaidi au seriamu oksaidi, juma la nne. Daraja ya kwanza ndiyo iundayo umbo, wala msiifupishe. Jiwe lenye ufa au shimo likitoka daraja ya kwanza litafika ya nne na ufa wake, ukiwa sasa umeng'arishwa vizuri ili kila mtu auone.

Baina ya daraja na daraja osheni kila kitu: mawe, pipa, kifuniko, hata kucha zenu. Chembe moja ya unga wa 60 ikibaki, itachora mistari katika kila jiwe la juma la mwisho. Sisi hutumia mswaki mkuukuu na ndoo tatu. Na lile tope, jamaa, lisimwagwe katika sinki wala chooni. Huganda kama saruji ndani ya bomba. Tulimlipa fundi bomba fedha ambayo ingenunua mota mbili, na mama mwenye nyumba hakusema neno siku nzima, jambo lililotisha zaidi ya kusema. Siku hizi twalimwaga katika shimo nyuma ya bustani. Fungueni pipa kila siku mbili au tatu katika daraja ya kwanza, kwa kuwa mawe mengine hutoa hewa na kifuniko kikaruka.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tukawie kuandika habari hii.

Mzee wetu, babu wa nyumba, alikuja hapa na pete ya fedha aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kito chake kilikuwa akiki ya rangi ya damu ya mzee, na juu yake limechongwa jina la huyo marehemu kwa herufi za Kiarabu, zimegeuzwa kinyume, maana ilikuwa muhuri: alikuwa akitia wino na kuipiga chini ya barua zake za biashara. Kito kililegea, babu akakitia ndani ya gilasi kabatini akingoja kupata sonara wa kumwamini. Likizo za Januari, mwaka juzi, kijana wetu wa miaka 14, ambaye ndiye fundi hasa wa pipa hili, alikiona. Kilikuwa kimefifia na kimejaa mikwaruzo. Akakusudia kumshangaza babu yake siku ya Idi. Akakitia katika pipa, daraja ya kwanza, unga wa 60, pamoja na kokoto za Nepean.

Kanuni zote alizifuata. Akiki na kwatzi zalingana ugumu. Maji yalikuwa kadiri. Mwendo ulikuwa 38. Baada ya siku nane akafungua, na kito kikatoka kizima, laini, hakina ufa hata mmoja. Na hakina herufi hata moja. Jina lilichongwa kwa kina kisichofika nusu milimita, na juma la unga mkali huchukua zaidi ya hapo.

Alikaa na siri hiyo siku tatu. Mama yake ndiye aliyeona hali chakula. Alipokipeleka kito kwa babu alikipeleka kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo babu. Nimefanya kosa." Mzee alikichukua, akakigeuza nuruni, akakipitisha kidole gumba pale jina lilipokuwa. Alikipitisha mara nyingi. Kisha akasema, "Marahaba. Mjukuu wangu, umekisafisha mno." Akaondoka kwenda kutawadha, na adhuhuri ilikuwa bado.

Sisi tuliokuwapo hatukujua tumlaumu nani. Kijana hakukatazwa, hakuna aliyemweleza yale maandishi ni nini, kwani yeye alidhani ni nakshi. Anasoma msahafu vizuri, lakini herufi zilizogeuzwa kinyume ni nani angezisoma bila ya kufundishwa? Na aliyekuwa na wajibu wa kumweleza ni sisi.

Babu hakulitaja tena hadi mwezi wa Machi, alipomwita kijana, akamwandikia jina lile juu ya karatasi, akamwambia alinakili kinyume mpaka mkono uzoee. Tuliandika Mombasa, kwa watoto wa ndugu yake, kuuliza kama barua yoyote ya zamani imesalia. Imesalia moja. Picha yake ilikuja kwa simu: wino umekwajuka, na katika muhuri husomeka maneno mawili kati ya manne. Hayo mengine babu ayakumbuka kwa maana, hayakumbuki kwa umbo.

Kwa sababu ya hayo yote tumelazimika kujifunza kuchonga kwa mkono, na twaona afadhali tuanze huko tulipolazimika kuliko kungoja mashine kubwa. Kito kilipungua unene, kikawa hakikai tena katika pete, basi kitako chake kilitengenezwa upya juu ya kipande cha kioo kinene, kwa msasa wa majini: namba 220, kisha 400, 600, 1200, jiwe likiwa limebandikwa kwa nta juu ya kijiti ili vidole visichoke. Jioni sita zilitosha. Wazee wa klabu ya wachonga vito iliyoko Holroyd walituonyesha namna ya kukishika kijiti kwa mshazari na kukizungusha bila kusita, la sivyo hutokea sehemu bapa. Wana misumeno na magurudumu ya almasi, na hawamwoni haya mgeni kumfundisha. Tulipowaambia habari ya muhuri, mmoja wao alitupa kalamu yenye ncha ya almasi na hakutaka malipo.

Shika maji daima. Akiki na kwatzi zikisagwa kavu hutoa vumbi la silika, ambalo hukaa mapafuni na haliondoki. Kwa maradhi hayo hayo Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa ya meza za jikoni kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya vijana wengi wakataji kuharibika mapafu. Mwenye kusaga jiwe kavu gerejini, akiwa na watoto mlangoni, anawapumulisha watoto jiwe. Maji yadondoke juu ya gurudumu muda wote, na tope likauke ndani ya ndoo, lisikauke sakafuni likageuka vumbi.

Kijana amekwisha kuharibu kokoto 31 kwa kalamu ile. Tumezihesabu, zimepangwa dirishani. Ya 32 herufi mbili zasomeka kiooni. Babu huzitazama kila baada ya alasiri, huchagua moja, huirudisha. Amesema akiki haitaguswa mpaka yeye aridhike, nasi hatumwulizi lini. Pete imo kidoleni mwake, kito kikiwa kitupu.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutaeleza namna ya kufunga kito katika fedha. Aliyeazima pipa letu la pili wakati wa Shaabani twamwomba alirudishe, na kama lina tope ndani, alirudishe hivyo hivyo bila ya kulimwaga popote.

Wabillahi tawfiq.